Mtoto wa Kisu Hali Nyama

Kati ya bucha la Mzee Kisu na kibanda cha Fundi wa cherehani kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali. Ubao huo ndio benchi, na benchi hilo ndilo bunge la mtaa, likikutana kila siku baada ya swala ya alasiri. Birika, muuza kahawa, huweka jiko lake upande wa kivuli. Wanaokaa ni walewale: Redio, dereva mstaafu ambaye habari zikimkosa huzitengeneza mwenyewe, Fatwa, kijana wa kutengeneza simu, aliyeisoma dini kwenye video fupifupi akahitimu bila mwalimu, Fundi, tepu shingoni, mtu wa maneno machache na pini mdomoni, na Kisu, mchinjaji, ambaye nyama yake huliwa mtaa mzima bila mtu kuuliza swali. Kwa kawaida hapo huchekwa mpaka wapita njia wageuke. Siku hiyo hakucheka mtu. Fundi alitoka kibandani na simu mkononi, akachomoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola, kisha ndipo akakaa.

— Tazama picha hii, akamwambia Kisu. — Binti yangu kaikuta mtandaoni. Niambie huyu ni nani.

Kisu alijifuta mikono kwenye aproni, akaishika simu mbali na macho. Hakuhitaji miwani kumjua mwanawe. Kijana alikuwa mwaka wa tatu ng'ambo, anasomea madaraja na barabara, na mwezi ujao alikuwa anatarajiwa nyumbani kwa likizo na kwa ndoa, tena ndoa yenyewe na binti wa huyuhuyu Fundi. Pichani amesimama na vijana wenzake waliovaa makoti mazito. Anatabasamu, na mikononi ameshika bango lenye ng'ombe aliyechorwa macho makubwa ya kuonewa huruma.

— Mwanangu huyo, akasema Kisu. — Amekonda.

— Unene sikuuliza. Bango linasemaje?

— Lugha hiyo nitaitolea wapi mimi?

— Lete, akasema Fatwa, akaielekeza simu yake juu ya ile nyingine mpaka ikamtafsiria. — Limeandikwa: "Na mimi nina mama."

— Nani ana mama? akauliza Redio.

— Ng'ombe.

— Kwani nani alimkatalia?

— Subiri, kuna maneno hapa chini. "Mwenzetu huyu hajagusa nyama tangu tumjue."

Mkaa wa Birika ukasikika ukipasuka jikoni. Nyuma yao, ndani ya bucha, mguu wa ng'ombe ulikuwa unaning'inia kwenye ndoano, na Kisu alihisi kama kuna mtu amesimama mgongoni kwake.

— Mtoto wa Kisu hali nyama, akasema Redio polepole, kama anayeonja chumvi.

— Kisu, akasema Fundi, — kijana wako ana nini?

Tangu posa ipokelewe, Fundi hakuwahi kusema "kijana wako". Alikuwa akisema "kijana wetu": kijana wetu amefaulu, kijana wetu anasalimia. Kisu aliisikia ile "wako" ikimwingia kuliko bango na ng'ombe wake.

— Kuna mwanamke hapo, akasema Redio. — Hakuna kingine. Kampata msichana wa kula majani, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Leo kaacha nyama, kesho ataacha chumvi.

— Wewe unayaona majani pale? akasema Birika. — Mimi naona bango.

— Au baridi! Nyama ya kule inaganda mpaka inavunja meno. Na ndiyo maana wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Huyu kapanda ndege. Kwa mwendo ule nyama angeilaje?

— Redio, hebu acha methali za watu.

— Basi niwaambie ya kweli, maana mnanidharau. Nilipokuwa naendesha malori nilikutana na mtu aliyefagia chuo kama hicho. Mgeni akijiandikisha anapigwa sindano. Wanaiita ya mafua. Ya mafua wapi! Inaua hamu ya nyama, ili wao wabaki nayo.

— Na wenyewe hapo pichani wasiokula nyama, nao walipigwa?

— Hao walipigwa utotoni.

Siku nyingine hapo mtu angemwaga kahawa kwa kicheko. Fatwa hakucheka. Alikuwa ameinamia simu yake, kidole kinapanda na kushuka.

— Jamani, hili si la mzaha. Kuna makundi. Nimemsikiliza sheikh mmoja anawachambua. Hawamwambii mtu acha dini, thubutu! Wanaanza na nyama. Ukizoea, wanakwambia mfungo unadhoofisha mwili. Ukizoea na hilo, unajikuta unaswali unatazama bustani.

— Kijana wangu anaswali, akasema Kisu.

— Umemwona?

— Nikimpigia namuuliza.

— Unamuuliza, akasema Fundi, — naye anajibu. Mimi pia wateja huniuliza kama nguo iko tayari.

Hilo lilimchoma Kisu, kwa sababu lilikuwa kweli. Alimwangalia rafiki yake, akaona hana chuki usoni. Ana woga. Kupitia mlango wa kibanda ilionekana ile nguo nyeupe ya bibi harusi, Fundi anaishona kwa mkono wake mwenyewe, inaning'inia bado haina mikono.

— Mimi ni baba wa msichana, Fundi akaendelea. — Simtafutii tajiri. Namtafutia mtu ninayemjua. Nilimjua kijana huyu tangu anakumwagia maji kwenye kinoo ukinoa visu. Sasa nataka kujua kama anayekuja ni yuleyule.

— Mchuma janga hula na wa kwao, akatia Redio. — Maana yake atalila peke yake hukohuko.

— Na wa kwao, Redio, akasema Birika. — Methali inasema na wa kwao. Peke yake umeitoa wapi?

— Mimi nimeisoma upande wa pili.

— Wazee, akasema Fatwa, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda mimbari, — tusizunguke. Alichokihalalisha Mungu, mtu akijiharamishia, tena abebe na bango, tena baba yake kazi yake ni hiyohiyo... mtu wa namna hiyo, mimi nikiulizwa, sijui kama bado ni...

— Maliza, akasema Kisu.

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha. Alikuwa amesimama. Kisu chenyewe kilikuwa ndani, mezani, lakini macho ya wote yalikwenda kwenye mkono wake.

— Maliza sentensi yako. Sijui kama bado ni nani?

— Mzee Kisu, mimi nilikuwa nasema tu kwa mujibu wa...

— Mwanangu usimtoe kwenye dini kwa kahawa ya kijiweni. Mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni siku aliyozaliwa. Wewe wakati huo hata hujaota meno.

Fatwa akaiinamia tena simu yake. Kisu akakaa. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kuliko wote. Maisha yake yote watu walikuwa wakila kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kisu na kutaja jina la Mungu. Kama mtoto wake mwenyewe anasimama barabarani ng'ambo na bango la kumlilia ng'ombe, basi anamwona baba yake kuwa mtu gani?

— Mpigie, akasema Fundi. — Sasa hivi, hapahapa, weka spika. Muulize neno moja: ukija, utakula nyama ya baba yako au huli? Akisema nitakula, namaliza mikono ya nguo usiku huuhuu. Akikataa, nitajua nimwambie nini binti yangu.

— Mbele ya watu?

— Picha iko mbele ya watu, Kisu.

Kisu akapiga. Simu ikalia, ikalia, ikakata. Akapiga tena, na Redio akajongea mpaka goti likagusa goti. Haikupokelewa.

— Kaona jina, akanong'ona Redio. — Mwenye hatia hukimbia asipofukuzwa.

— Yuko darasani, akasema Kisu.

— Labda, akasema Fundi. — Nitangoja kahawa hii ya Birika iishe. Ikiisha hajapiga, nitaingia ndani nikaifumue ile nguo. Sitaki iendelee kunitazama.

Birika akamwangalia Kisu. Kuanzia hapo kila aliyenyoosha kikombe alimiminiwa kidogo, kisha kidogo zaidi. Redio akakigeuza kikombe chake kwenye mwanga.

— Birika, hii ni kahawa au umelowesha udongo tu?

— Kunywa taratibu. Ina nguvu leo.

Wakiwa katika hali hiyo akatokea msichana upande wa barabarani, begi mgongoni, hijabu ya kijivu imefungwa vizuri, viatu vya kutembea mbali. Alisimama mbele ya bucha, akasoma kibao, akawageukia.

— Asalamu alaikum. Shikamooni wazee. Samahani, namtafuta Mzee Kisu.

Walimwitikia kwa pamoja. Kisu akainuka.

— Ndiye mimi, mwanangu.

— Nasoma chuo kimoja na kijana wako, baba. Nimekuja likizo, kitivo chetu kimetangulia kufunga, kanipa mzigo wako.

Akafungua begi, akatoa kitu kizito kilichofungwa kwa taulo. Kisu alikifungua juu ya magoti. Kilikuwa kinoo, jiwe jipya la kijivu, laini upande mmoja na lenye chembe upande wa pili. Akalipitishia kidole gumba, kama alivyofanya kwa kila jiwe alilowahi kulinunua.

— Amesema lile lako lilikuwa limeshaliwa katikati, akasema msichana. — Na kwamba kisu butu ni dhambi kwa mnyama.

— Hayo ni maneno yangu, akasema Kisu.

— Mtu wa mabango anatuma kinoo? akasema Redio. — Hapo mimi nimepotea.

Fundi hakupotea. Alisogea kando, akampisha mgeni sehemu ya benchi, akamgeuzia simu yenye picha.

— Binti, samahani kwa kukuuliza kabla hujapumzika. Hii picha unaijua?

Msichana akaiangalia, akatabasamu, halafu akaziona nyuso zao na tabasamu likaondoka.

— Naijua. Nilikuwepo.

— Anaswali?

— Anaswali, baba. Chumba chake ni kidogo, kati ya kitanda na kabati pana upana wa mswala tu. Mchana huwa anaswali kwenye ngazi za dharura, maana hazipitiwi na watu. Mimi nazijua kwa sababu naswali ghorofa ya juu yake.

— Basi nyama imemkosea nini?

— Nyama haijamkosea. Wiki ya kwanza, kwenye ukumbi wa chakula, aliuliza imechinjwa vipi. Meza nzima ikaacha kula. Wakamuuliza kwa nini anataka kujua, akasema mimi ni Muislamu. Wakamuuliza baba yake anafanya kazi gani, akasema mchinjaji. Kuna waliocheka. Na kuna waliomtazama mikono.

Kisu mwenyewe alitazama mikono yake, iliyolala juu ya kinoo.

— Kesho yake akipewa nyama akawa anasema tu, sili nyama. Hapo hakuna anayekuuliza zaidi. Mimi siwezi hivyo, kitambaa changu kinaingia mlangoni kabla yangu. Yeye haonekani mpaka aseme. Akachoka kusema.

— Na kazi yangu? akauliza Kisu. — Siku hizi wakimuuliza anasemaje?

Msichana akasita. Alikuwa na adabu, na ilionekana anatamani swali lile lisingeulizwa.

— Anasema baba yangu ana duka.

— Duka.

— Ndiyo, baba. Duka.

Kisu akatikisa kichwa, mara moja, kama mtu aliyetajiwa uzito wa mzigo kabla ya kuubeba. Iliuma. Iliuma kuliko bango. Birika aliona, akammiminia tone alilokuwa amelificha.

— Lakini yeye si wa kwanza! akasema Fatwa, haya ya mwanzo ikiwa imemtoka. — Waislamu kule si wapo? Maduka ya halali si yapo?

— Duka lipo, safari ya treni. Na ukinunua, jiko ni la watu wanane, sufuria moja mwenzio juzi kapikia nguruwe. Waislamu wapo, kila kundi na meza yake. Kuna meza wanaongea lugha yao, ukikaa wananyamaza. Na kuna meza ya ndugu wazuri tu, lakini alisema kuna mtu wa nyumbani alimkanya asikae na wasioswali kama sisi, wanaofunga mikono tofauti.

Redio akamgeukia Fatwa. Fatwa akaanza kukikagua kioo cha simu yake kana kwamba kimepasuka. Siku ya kumuaga kijana, hapohapo kwenye benchi, kila mtu alikuwa ametoa wasia wake, na wasia wa Fatwa ulikuwa mrefu.

— Sasa wewe mwenyewe, binti, akasema Fundi, — unajistahi, unaswali, unatoka kwetu. Mbona hukumkaribisha kwenye meza yako?

— Nilimkaribisha. Akaniambia kwa adabu kwamba mkwe wake alimwomba asikae meza moja na msichana.

Mkono wa Fundi ukaenda kwenye kola kutafuta pini.

— Mimi nilimwambia nini? akauliza Redio kwa woga. — Binti, amenitaja mimi? Dereva mstaafu?

— Mzee wa malori? Ulimwambia asikae na watu wa kule, kwa sababu wanaandika majina ya wanaouliza habari za nyama.

— Enhe... inawezekana nilisema.

— Na baba alimwambia: nyama usiyomjua mchinjaji wake, usiitie mdomoni.

Kisu aliyatambua maneno yake. Aliyasema akiwa amemshika mwanawe begani, gari la kwenda uwanja wa ndege linanguruma, na aliyasema kwa fahari, kwa sababu hapa mtaani kila mtu alimjua mchinjaji wake. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mahali mtoto atakaa miaka bila kumjua hata mmoja.

— Huwa ananihesabia makatazo yenu kama mtu anayesoma dua, akasema msichana. — Anayapenda. Anasema ndiyo benchi lake. Basi muhula mzima akawa anakula kwenye kona, karibu na mashine ya maji, sahani ya mbatata na majani. Hao wa kwenye picha wakamwona, wakadhani ni mwenzao, wakaja na sahani zao wakakaa naye. Hawakumuuliza lolote. Siku walipomwomba awashikie bango, angewaambiaje hapana?

Birika akainamisha chombo chake juu ya kikombe cha mgeni. Kahawa ikatoka nyembamba, ikawa matone, ikakatika. Akakitikisa. Kitupu. Wote walimtazama Fundi, kwa kuwa ahadi yake haikuwa imesahaulika. Fundi hakuinuka.

Msichana alikunywa kile kidogo, akashukuru, akavaa begi lake. Kisha akasimama kidogo, na hakuwa na ukali wowote usoni. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

— Wazee wangu, mnisamehe. Mmemwambia asikae na huyu, na huyu, na yule. Mlitaka ale na nani?

Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alimtazama Fatwa. Fatwa alitazama chini. Birika akazima jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake. Msichana alingoja kwa heshima, kisha akaaga, akaenda zake.

Bado alikuwa hajafika kona simu ya Kisu ilipolia. Picha ya kijana ikajaa kwenye kioo. Kisu alimtazama Fundi, Fundi akaitazama simu, na hakuna aliyesema weka spika. Kisu akaiweka mwenyewe.

— Baba? Nilikuwa darasani, naona umepiga mara mbili. Kuna tatizo?

— Hakuna tatizo, mwanangu. Kinoo kimefika.

— Alhamdulillahi. Umekipenda?

— Nimekipenda. Umekula?

— Nimekula, baba.

Kila siku hapo ndipo lilipofuata lile swali la swala, kisha salamu, kisha kwaheri. Fundi alikuwa ameinama mpaka tepu yake inagusa benchi. Leo Kisu akaliruka.

— Umekula na nani?

Upande wa pili pakawa kimya. Ulisikika mlango ukifungwa kwa mbali, na hatua za watu wakipita, kisha hata hizo zikaisha.

— Mtandao umekata, akasema Redio.

— Nyamaza, akasema Fundi. — Kijana wetu anafikiri.